Nafasi ya Pumzi

Wanaosimulia mambo kama haya husema yalimpata jirani, au shangazi wa rafiki yao. Mimi nitasema yalinipata mimi mwenyewe. Jirani yangu nimeshamtwisha vya kutosha.

Ilikuwa Jumanne, siku ya kawaida kabisa. Nilikuwa barazani nikishona sare za shule. Mwanangu, msichana wa mwaka mmoja na miezi minne, alikuwa amekaa chini ya meza ya cherehani akivingirisha bobini tupu za uzi. Mama alikuwa chumba cha mbele, mlango wazi, akikaza vifungo. Nyumba ni ya Mama, cherehani ni ya Mama, hata mkasi ni wake. Alikuwa fundi wa kusifika kabla sijazaliwa. Lakini tangu nipate akili sikuwahi kumwona akishona mfuko wa shati. Nguo ikifika kwenye mfuko, aliikunja akaipeleka kwa Fundi Kofia, ng'ambo ya barabara. Alisema macho yake hayaoni kona. Ajabu ni kwamba uzi kwenye tundu la sindano aliupitisha mara moja tu.

Fundi Kofia aliwahi kuwa mwanafunzi wa Mama, wa kwanza na wa mwisho. Alivaa kofia ya sufu hata jua likiwaka, na watu walitania kwamba alizaliwa nayo, mkunga akampigia saluti. Yeye ndiye aliyenifundisha kumalizia kona ya mfuko, maana Mama alikataa. Si kwa cherehani. Kwa mkono, nyuzi tatu fupi zinazokutana kama mguu wa kuku. Ni mshono wa Mama. Mji mzima tulibaki nao wawili tu, yeye na mimi. Tena wangu una kasoro: mimi natumia mkono wa kushoto, kwa hiyo mguu wa kuku wangu unaelekea kushoto. Mtu asiye fundi hawezi kuona tofauti.

"Wewe wa mkono wa kushoto!" alinipigia kelele asubuhi ile. "Leo unashona sare au magunia?"

"Gunia ni hilo la kichwani kwako, Fundi."

Alicheka mpaka akashika meza. Mimi ni mtu wa haya. Mteja akiniuliza jambo natazama chini. Kwa Fundi Kofia tu ndipo mdomo ulinifunguka.

Tulikuwa na desturi yetu. Malori yalipita katikati na huwezi kupiga kelele siku nzima, kwa hiyo kazi ikinizidi nilimnyanyulia mteja kidevu kuelekea ng'ambo. Basi. Fundi Kofia akiona kidevu kimenyanyuka, alinyanyua mkono na kusema, "Leteni!" Kazi ikimzidi yeye, alifanya hivyohivyo kwangu. Miaka minane tulipeana wateja bila neno.

Wiki ile barabara ilikuwa na watu wachache. Maandamano yalikuwa yameanza tena, na jioni tuliamriwa tusitoke nje. Vijana waliokamatwa walikuwa wamefungiwa uani mwa ofisi kuu ya serikali, ndani ya ule ukuta mrefu wenye seng'enge. Tulisikia hawapewi maji.

Saa nane mchana alikuja mzee mmoja. Sikumwona akitokea upande wowote. Niliinua macho kutoka kwenye sindano, naye yupo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Shati langu halina mfuko. Sina pa kuweka kalamu."

Mkononi alishika kalamu ya wino mwekundu. Shati lake lilikuwa safi lakini la zamani, na kola yake ilikuwa imepinduliwa. Zamani kola ikichakaa ilifumuliwa, upande wa ndani ukaletwa nje, shati likaendelea. Siku hizi hakuna anayefanya kazi hiyo. Kifuani kushoto palikuwa na mraba ambao rangi yake haijapauka, na kwenye kona zake nyuzi zilining'inia.

"Mfuko wenyewe uko wapi?"

"Uko hapa kwenu," alisema. "Lakini nipime kwanza. Nataka kujua kama nimebadilika."

Wazee wana vituko vyao. Nikachukua futi.

Kifua tunakipima mara mbili. Kwanza mtu akiwa ametulia, halafu akivuta pumzi. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo nafasi ya pumzi. Usipoiacha, shati linabana na vifungo vinakatika. Akiwa ametulia nilipata thelathini na nane.

"Vuta pumzi, mzee."

Nikasubiri. Futi haikusogea.

"Vuta zaidi."

"Nimevuta," alisema taratibu, juu ya kichwa changu.

Thelathini na nane. Vidole vyangu vilikuwa kifuani pake, chini ya futi. Hapakuwa na kinachopanda wala kinachoshuka. Hapakuwa na joto. Ilikuwa kama kupima kabati. Chini ya meza, bobini zilikuwa zimeacha kuvingirika.

"Nitarudi Ijumaa," alisema. "Mwambie mama yako aulete mfuko."

Niliinama kuandika namba kwenye daftari. Nilipoinuka barabara ilikuwa nyeupe kwa jua, wala hapakuwa na mtu mpaka mwisho wake. Fundi Kofia alikuwa anapiga pasi. Nikamuuliza kwa ishara: mzee ameelekea wapi? Akapanua mikono. Mzee gani?

Nilimpelekea Mama daftari.

"Kuna mzee anasema mfuko wake uko kwetu. Kifua thelathini na nane."

"Na pumzi?"

"Thelathini na nane."

Kifungo kilimdondoka Mama. Hakukitafuta.

"Kola imepinduliwa?" alinong'ona.

"Ndiyo."

Akaniambia nishushe kopo la vifungo kutoka juu ya kabati. Lile kopo nimelichezea tangu utoto. Akalimwaga lote kitandani. Chini kabisa palikuwa na karatasi iliyokunjwa, na ndani yake mfuko wa shati. Ulikuwa na kutu ya seng'enge ukingoni, na doa la wino mwekundu chini. Kwenye kona, miguu ya kuku miwili, imenyooka vizuri.

"Mwalimu," Mama alisema. "Alikuwa anakaa nyumba ya tatu kutoka hapa. Mwaka ule askari walipochukua nchi, walifungia watu uani pale pale. Yeye alipanda ukuta akaandika majina yao, ili mama zao wajue wako hai. Alipokuwa anashuka mfuko ukabaki kwenye seng'enge."

"Halafu?"

"Halafu wakaja hapa na huo mfuko. Afisa alikuwa mpole. Akauweka mezani, akasema, mama, kazi nzuri hii, fundi wake nani?"

Mama alitazama mikono yake.

"Watu wanajua nilitishwa, mwanangu. Hata baba yako alikufa akijua hivyo. Sikutishwa. Nilifurahi. Mtu mkubwa vile amesifu mshono wangu, nikasema ni mimi, fundi wa hii ni mimi. Akasema, bila shaka unakumbuka umemshonea nani. Nikafungua daftari nikamwonyesha. Mimi mwenyewe. Kwa kidole hiki. Wakaondoka, mfuko wakauacha mezani."

Alifungua sanduku akatoa daftari lake la zamani. Ukurasa wa Mwalimu ulikuwa umeandikwa kwa wino wa bluu. Kifua, thelathini na nane. Kwa pumzi, arobaini. Lakini ile arobaini ilikuwa imekatwa kwa mstari mwekundu ulionyooka, kama mwalimu anavyokata kosa la mwanafunzi. Juu yake paliandikwa thelathini na nane, na pembeni alama ya vema.

"Hiyo nyekundu sikuandika mimi," Mama alisema. "Niliikuta wiki mbili baada ya kuchukuliwa. Ndivyo nilivyojua. Mkewe alimsubiri miaka sita, mimi nikijua."

Nikamuuliza kwa nini Mwalimu aje kwangu, mimi ambaye sikuwepo.

"Miaka yote husimama barabarani tu, huwa namwona dirishani. Safari hii ameingia. Nadhani amekuja kuona wewe utasema nini." Akanishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua anazo. "Wakija na kipande cha nguo, hukijui. Hujui cha kwako, wala cha mwingine. Umenisikia? Wala cha mwingine."

"Nimekusikia, Mama."

"Niapie."

Nikaapa. Nilimshika mwanangu kichwani, nikaapa.

Mume wangu ni fundi bomba. Alhamisi alfajiri aliingia akiwa amelowa mpaka kiunoni, mikwaruzo mikononi. Alisema ameteleza kwenye mtaro. Nilimvua shati ili nilifue. Kifuani kushoto palikuwa na mraba wa rangi ambayo haijapauka.

"Mfuko uko wapi?" nilimuuliza.

"Umechanika."

"Umechanikia wapi?"

Alikaa kwenye kigoda akatazama miguu yake. "Walikuwa na kiu, mama watoto," alisema. "Nimewapitishia mpira wa maji juu ya ukuta. Basi tu."

Lile shati nililishona mimi. Nikalichoma jikoni kipande kwa kipande, vifungo nikavitumbukiza kwenye kopo la Mama. Mchana mume wangu akaondoka kwenda kwa ndugu yake, mji wa pili.

Ijumaa walikuja watu wawili. Mmoja alibaki kwenye gari. Mwingine alivaa suruali iliyopigwa pasi vizuri, mikunjo imesimama, nakumbuka niliisifu moyoni. Alinisalimia. Akamchekea mwanangu, ambaye alikuwa chini ya meza. Kisha akatoa bahasha, na kutoka kwenye bahasha akatoa mfuko.

Miguu ya kuku miwili. Inaelekea kushoto.

"Unakijua hiki, dada?"

"Sikijui."

Sauti yangu ilitoka vizuri. Hata mimi nilishangaa.

"Nimeambiwa kona hizi zinashonwa mtaa huu tu."

"Sijui, afande. Mifuko ni mingi."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyeridhika. Akageuka kuondoka. Halafu akasimama. Kwenye msumari, karibu na mlango, nilikuwa nimetundika kigauni cha mwanangu. Kina kimfuko kidogo mbele. Alikishika kwa vidole viwili, akaweka ule mfuko pembeni yake, akaangalia kimoja, akaangalia kingine. Alifanya taratibu kabisa.

"Hiki kimeshonwa na nani?"

Nyuma yangu nilisikia kiti cha Mama kikigota ukuta.

Nilitaka kusema sijui. Naapa tena, nilitaka. Akilini nilimwona mume wangu. Niliuona ule mraba kifuani pake. Nilimwona mwanangu amekua, anauliza baba yuko wapi. Mdomo wangu haukufunguka.

Nilinyanyua kidevu.

Ng'ambo ya barabara Fundi Kofia alikiona. Miaka minane hakuwahi kukikosa. Akanyanyua mkono juu, akatabasamu, akaita kwa sauti ya kupokea wateja:

"Leteni!"

Hawakumkimbiza. Walivuka barabara kama watu wanaokwenda kupima suruali. Alivuta kigoda, akakifuta vumbi kwa kiganja, akawakaribisha. Niliona afisa akimwonyesha mfuko. Niliona Fundi Kofia akiuchukua, akiusogeza karibu na macho, akiugeuza.

Akaona unaelekea kushoto.

Najua aliona. Aliinua kichwa akanitazama mimi, si yule afisa. Nilisubiri anyanyue kidevu. Ilikuwa haki yake, na desturi yetu. Hakunyanyua. Alirudisha mfuko mezani, akasema kitu kifupi, akavaa viatu. Kwenye mlango wa gari kofia yake ilianguka, na hakuna aliyeiokota.

Mama hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Alisema tu, "Saa ngapi?"

Ilikuwa saa nane kasoro.

Alitoka barazani akiwa ameshika ule mfuko wa zamani kwa mikono miwili. Tukasubiri. Mzee hakutokea upande wowote. Tuliangalia, naye yupo, kwenye ngazi ya chini, kalamu mkononi.

"Mwalimu," Mama alisema. "Mfuko wako. Ngoja niushone. Nitaushona mwenyewe."

Hakuupokea. Hakumtazama. Alinitazama mimi, kama mteja anavyomtazama fundi aliyeharibu kitambaa chake. Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililonimaliza. Alikuwa amechoka tu.

Kisha macho yake yakashuka. Chini ya meza.

"Basi," alisema. "Nitamngoja huyu."

Upepo haukuwepo, lakini sare zote kwenye kamba zilijaa na kutulia, mara moja, kama vifua. Mzee hakuwepo tena. Mama alibaki amenyoosha mikono. Ilikuwa mitupu. Tulitafuta ule mfuko mpaka ndani ya chandarua cha mtoto. Hatujauona mpaka leo.

Siku zikapita. Mume wangu alirudi. Hakuuliza nani amechukuliwa kwa ajili ya nini, na mimi sikumwambia. Cherehani ya ng'ambo ilibaki wazi, suruali ya mtu imeshikwa na sindano katikati ya mshono. Mke wa Fundi Kofia alizunguka kila ofisi. Kila alipotoka huko alipitia kwangu, kwa sababu alisema mimi ndiye niliyekuwa rafiki wa mumewe.

"Dada, siku ile hukuona kitu?"

"Nilikuwa ndani, dada. Napiga pasi."

Hilo pia lipo juu yangu.

Wiki ya tatu alikuja amevaa vizuri, uso umechangamka. Mtu mmoja alikuwa amemwambia waliokamatwa watatolewa.

"Nimemletea kitambaa," alisema, akakiweka mezani. Kilikuwa cha bluu, laini. "Nataka akitoka avae kitu kipya. Vipimo vyake unavyo, si ndiyo? Ulimshonea shati la harusi ya binti yetu."

"Ninavyo."

"Haya, angalia kabisa kama kitambaa kinatosha. Yule bwana amepanuka huyo, usimwone hivyo." Akacheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka tangu ile Ijumaa.

Nikafungua daftari. Naliandika kwa wino mweusi tu, sijawahi kuwa na mwingine. Ukurasa wake niliujua. Mabega. Mkono. Shingo. Kifua, arobaini na mbili.

Kwa pumzi nilikuwa nimeandika arobaini na nne.

Ilikuwa imekatwa kwa mstari mwekundu, ulionyooka. Juu yake paliandikwa arobaini na mbili. Pembeni palikuwa na alama ya vema. Niligusa kwa kidole. Wino ulikuwa bado mbichi.

"Kinatosha?" aliuliza.

Chini ya meza mwanangu alikuwa ameacha kucheza. Alikuwa anatazama ng'ambo, kwenye baraza lisilo na mtu. Alinyanyua kidevu chake kidogo. Akasubiri. Halafu akacheka na kupiga makofi, kama vile huko kuna aliyemnyanyulia mkono.

"Dada? Kinatosha?"

"Kinatosha," nilisema.

Nikachukua chaki, nikaanza kuchora.

Shati lipo. Limetundikwa kwenye msumari karibu na mlango, limepigwa pasi. Mkewe alilipapasa kifuani, akaniuliza kwa nini safari hii nimelibana hivi, sikumwachia nafasi. Nikamwambia nimefuata daftari.